Ijumaa Aliyokuja Baba Onduko

Kericho, kambi ya wachuma chai

Kwa dada yangu Mama Onduko,

Salamu nyingi kutoka kwangu, mdogo wako niliyekuwa mke mwenzako. Hujambo? Watoto wanakula vizuri? Na mama mkwe, mgongo wake umepoa au bado? Mimi ni mzima, ila vidole vimepasuka kwa baridi, na mvua ya alasiri haikosi. Nachuma tu.

Nina neno zito, dada. Tafadhali lisome peke yako.

Ijumaa iliyopita Baba Onduko alikuja hapa. Wewe labda alikuaga kwamba anakwenda mkutano wa kanisa. Nilitoka kupimisha majani nikamkuta mlangoni, amevaa koti lake la kanisani, jua li karibu kutua. Nilishtuka nikidhani ameleta habari ya msiba. Kumbe wapi! Aliingia, akaketi kitandani, akavua viatu.

"Sabato inaingia," akasema. "Mtu wa Mungu hasafiri Sabato. Nitalala hapa."

Nikamuuliza, "Utalala kama nani?"

Akacheka. "Nyaboke, ng'ombe niliotoa wamerudi lini kwenu? Wewe bado ni wangu. Na huku nani ananijua?"

Nilichemka, dada. Unaikumbuka siku ile pale Kenyenya, aliposimama mbele ya kanisa zima akatangaza kwamba amemwacha mke wa pili ili abatizwe. Watu wakaitikia amina. Nami niliyekuwa benchi la nyuma, Moraa magotini, niliitikia amina, kwa kuwa niliamini ndivyo Bwana anavyotaka. Wewe ndiye uliyelia. Nikaondoka na kikapu kimoja, Ombati na Moraa wakabaki kwenu kwa sababu kwetu watoto ni wa baba. Amina ile ilininyang'anya watoto wawili. Leo yeye anakuja kuitengua kwa siri?

Nikamwambia, "Ulinitoa mchana mbele ya watu. Ukinitaka, nirudishe mchana mbele ya watu hao hao. Kama huwezi, tushike ahadi yetu sisi wote wawili."

Sikufichi, nilimtamani. Miaka minne si mchezo. Nilichukua blanketi langu haraka nikaenda kulala kwa jirani yangu, mama mmoja Mkipsigis, kabla moyo haujageuka.

Asubuhi nilimpitia, tukaenda kanisani. Nikamtambulisha: "Huyu ni baba wa watoto wangu, ametoka kwetu Kisii." Basi wakamwita mbele aombe. Aliomba vizuri, dada, kwa sauti ile ile unayoijua. Mimi nilishindwa kufumba macho.

Jua lilipotua alishika njia. Nilimsindikiza mpaka barabarani, na hapo ndipo aliponichoma. Alisema Disemba watoto hawatakuja kuniona kama tulivyopanga. Alisema Moraa sasa anakuita wewe mama, na akikaa mwaka mwingine bila kuniona hatanitambua hata tukikutana sokoni.

Nilirudi nyumbani nikalia mpaka jirani akaja. Ningekuambia nina amani, ningekuwa mwongo. Nilidhani kumfuata Yesu ni kuzamishwa mtoni siku moja, ukatoka, ukaimba, yakaisha. Kumbe ni kama chai hii: unachuma leo, wiki ijayo imechipua tena, nawe unarudi kuinama pale pale. Hivyo ndivyo nitakavyoishi mpaka nife. Sitarudi nyuma. Lakini inauma, Mama Onduko. Inauma kweli.

Usigombane naye kwa ajili yangu. Mkigombana, watakaoumia ni watoto. Ila akiaga tena kwamba ana mkutano huku Kericho, ujue.

Msalimie mama mkwe, umwambie bado namwombea. Msalimie shemeji Nyamweya aliyenibebea kikapu siku ile hadi Masimba. Onduko mwanao asome kwa bidii. Ombati wangu mwambie sijamsahau. Yeye ni mkubwa, ataelewa.

Moraa usimpe salamu zangu, zisije zikamchanganya. Ana miaka saba tu, mtoto wa mwaka wa Uhuru. Akikuita mama, itika.

Ni mimi mdogo wako,
Nyaboke