Mstari Nilioufuta, Zaituni

Zaituni,

"Mashine ilinyamaza kwa sababu marehemu aliijaza mambo ya kizamani." Maneno hayo aliyasema Fidèle, fundi mpya wa ushirika wa wauza sambaza, wale dagaa wa ziwani, mbele ya kikao kizima pale Rubona. Ni uongo. Wewe uliacha mashine inayosema. Aliyeinyamazisha ni mimi, Saidi, na Fidèle alipokuwa akilitaja jina lako nilikuwa nimekaa karibu naye, nimekunja mikono, naangalia viatu vyangu.

Mimi! Mtu niliyegombana na nusu ya mafundi wa mji huu. Nilipoanza kubisha pale karakana yako ya Mbugangari ulikuwa ukiwaambia wateja: "Bon, redio imefunguka. Musitafute kifungo ya kuzimia, haiko." Siku ile kifungo kilipatikana.

Barua hii nitaiweka kwenye kundi letu la mafundi, na wamo wanaoanza, kwa hiyo nivumilie nikieleza unayoyajua kuliko mimi.

Mfumo wa kompyuta unapoamka hauna bado draiva hata moja, yaani programu ya kuendeshea kifaa. Haujui skrini, haujui kadi ya kumbukumbu. Lakini lazima useme unafanya nini, la sivyo ukianguka hakuna atakayejua ulijikwaa wapi. Ndiyo kazi ya konsoli ya awali: mdomo mdogo, mzito, unaoijua bandari moja tu, yaani tundu moja la kuchomekea waya, unasukuma herufi moja moja kwenye waya ili fundi asome. Baadaye draiva kamili inafika na kujiandikisha, na mfumo unaifukuza ile ya awali. Mstari wake wa mwisho ni wa kutangaza kwamba imezimwa.

Wewe hukukubali ifukuzwe hivyo. Kwenye mipangilio ya mashine ya Rubona, kompyuta inayoendesha chumba cha baridi cha ushirika, uliweka agizo la mstari mmoja, kwamba ibaki hata draiva ikifika. Kwa kuwa zote mbili zilitumia waya mmoja, kila mstari ulitoka mara mbili. Niliuchukia ule urudufu. Nikakuandikia kwenye kundi, watu wote wakisoma, kwamba huo ni uchafu, na kwamba mwenye nyumba akifika mlinzi hakai sebuleni. Watu wakacheka. Ukanijibu kwa ujumbe wa sauti, unatafuna kitu, bila hata kukasirika: "Saidi, we ulikulia Tabora. Haukubeba muzigo ku Cyanzarwe. Uliza wamama."

Sikuhitaji kuuliza, nilishaona. Tulikwenda pamoja kwa shangazi yako, tukakuta wamama wanapokezana vikapu vya nyanya njiani. Anayetoa haachii mpaka anayepokea aseme "nimeshika". Mimi nikamsaidia mmoja, nikaona mikono ya mwenzake iko kwenye kikapu, nikaachia. Nyanya zikateremka mtaroni. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Mana we! Kugusa haiko kushika, Saidi!"

Draiva kujiandikisha ni kugusa tu. Hilo nililijua. Kiburi kikanizuia kulikiri.

Ulipoondoka nilirithi kazi zako, na jambo la kwanza nililofanya ni kuzisafisha. Kusafisha! Nilikuwa nimekulilia asubuhi, na jioni nikawa nakusahihisha. Nikafuta agizo lako. Halafu nikanakili mipangilio ya draiva kutoka kwenye mashine nyingine, ambako konsoli kamili ilielekezwa kwenye bandari ya pili. Kwenye mashine ya Rubona bandari ya pili haina waya wowote. Mashine ikawaka, taa ya kijani ikawaka, chumba kikapoa, nikaondoka. Sikuunganisha waya nisikie kama inasema. Kwa nini nisikie? Ilikuwa safi.

Kisha umeme ukakatika, ukarudi, na mashine haikuamka. Nikaitwa. Nikaunganisha waya. Ikaandika mistari yake ya mwanzo, ikatangaza konsoli ya awali imezimwa, basi. Kimya. Tatizo lenyewe lilikuwa dogo: kadi ya kumbukumbu ilikuwa imeharibika, na mfumo ulikuwa unalalamika, unalia kabisa, kwenye bandari isiyo na waya. Kwa agizo lako ningelisoma lalamiko hilo kabla chai haijapoa. Badala yake nilifungua, nikafunga, nikatukana. Na kila wamama walipouliza kama wazitoe sambaza wazianike maadamu kuna jua, nikawajibu: "Subirini kidogo tu, inakuja." Walinisikiliza, kwa sababu nasema kama mtu anayejua. Nilipoipata kadi ile jua lilikuwa limekwisha, na harufu ilikuwa imefika hadi kwenye maboti.

Sambaza walizimwaga, Zaituni. Mama mmoja akasema, wala hakusema kwa ubaya: "Maskini Zaituni, alituachia mashini mubovu."

Mdogo wako Mwamini alikuwepo. Nilimwona akivuta mtandio mpaka kwenye nyusi. Kwenye kikao, baada ya Fidèle kusema yake, wakamwondoa kwenye zamu ya kufungua stoo, eti ukoo wenu umeshaleta hasara ya kutosha. Akaziweka funguo mezani, akanitazama. Anajua niliigusa ile mashine, maana ndiye aliyenifungulia mlango. Alikuwa akinisubiri mimi niseme, na mimi nikawa ile bandari ya pili.

Fidèle simlaumu sana. Alikuta mashine bubu na jina la marehemu juu ya kasha, akajumlisha. Mimi nilikuwa na jibu kamili mdomoni. Nimewahi kuwaandikia wakubwa wa ofisi barua kali kwa makosa madogo kuliko haya, nikaziita ushujaa.

Nakumbuka hospitalini. Ulininyooshea funguo za karakana, nikazishika, lakini vidole vyako havikuachia. Mimi nikaanza kukueleza mipango yangu, rafu mpya, bango jipya. Ulinitazama tu, mkono umenyooka, mpaka muuguzi akaja ukachoka. Sasa naelewa ulikuwa unasubiri neno moja. Redio nzima, na neno hilo halikutoka.

Nimerudisha agizo lako. Nimeelekeza draiva kwenye bandari yenye waya. Mistari inatoka miwili miwili, na sioni uchafu wowote, naona watu wawili wameshika kikapu kimoja. Sisemi konsoli ya awali ibaki milele. Nasema asiondoke anayesema mpaka anayempokea asikike, kwenye waya ule ule, na sikio la mtu likiwepo. Hayo yalikuwa yako. Nilichelewa kukubali mbele za watu kama nilivyowahi kukataa mbele za watu.

Jumamosi kuna kikao Rubona. Nitasimama kabla hawajafungua ajenda, niseme ni mimi niliyefuta, ni mimi niliyesema subirini, ni mimi niliyenyamaza. Nakuahidi. Kisha funguo za stoo zirudi kwa Mwamini, na jina lako libaki juu ya kasha. Kwaheri, dada. Achia sasa, upumzike. Nimeshika.

Na ninyi mafundi wa kundi letu, mliocheka pamoja nami siku ile: fungueni kila mashine mliyorithi kwa mtu, unganisheni waya, mkae msikilize mpaka draiva iseme yenyewe. Kabla ya hapo msifute kitu. Wewe Fidèle, Jumamosi uje, ukae kiti cha mbele, na nikianza kuzungukazunguka kwa maneno mengi, nikatize mbele ya wote uniulize: "Saidi, nani alifuta?"