Maji ya Mamake Cliff

Jerono, uko? Nimeaibika, wacha tu.

Si unajua mimi ndiye nilichaguliwa kutayarisha watu wa ghorofa yetu kwa hii mvua ya barafu? Asubuhi nimezunguka hapa kwetu mtaa wa Dixon mlango kwa mlango na ile karatasi ya maagizo. Tochi, blanketi, chaji simu. Nikajiona waziri.

Kurudi kwa nyumba, napata mamake Cliff, mama mkwe wangu, amejaza maji bafu, sufuria zote, hadi chupa ya chai! Na Darlène, yule jirani Mkongomani, yuko mlangoni anaangalia. Nikasema kwa sauti, "Mum, hii ni Canada. Hapa maji hayapotei."

Nikamwaga yote. MBELE YAKE, Jerono. Mum anajifunga leso tu.

Saa nne stima ikapotea. Kidogo nafungua mfereji, hakuna kitu! Kumbe pampu ya kupandisha maji hadi huku ghorofa ya kumi na sita inatumia stima. Karatasi haikusema. Mimi pia sikujua.

Sasa sikiza. Mum alikuwa ameficha ndoo tatu chini ya kitanda chake. Saa hii ghorofa nzima imepanga laini kwa mlango WANGU, anawapimia kwa kikombe, wanamwita Mama.

Nikaenda mbele na ndoo yangu, nikaomba maji ya choo tu. Akaniangalia polepole. "Na karatasi yako inasemaje kuhusu choo?"

Kisha akanionyesha mwisho wa laini. Nakuandikia nikiwa hapo, nyuma ya Darlène.