Kanga ya Bi Asha

Landani, Jumapili, 4 Januari 2004

Kinyaa hakijanitoka. Kanga aliyonipa Bi Asha kule Unguja nimpelekee bintiye, shoga yangu Zuwena, nimeikuta jikoni kwake mjini Lima, ametandikiwa mbwa.

"Usininunie, shoga. Si kitambaa tu?" Akacheka.

Nikaitia begini, nikarudi nayo Landani. Leo nimeifua mara saba, moja kwa udongo wa chungu cha maua, kama dini inavyotaka kwa najisi ya mbwa, na bado naona inanuka mbwa.

Jioni nikampigia Bi Asha, kama nilivyomwahidi.

"Zuwena kaipenda kanga yangu?"

"Kaipenda, Bi Asha."

"Alhamdulillahi. Basi kesho nanunua nyengine nikutumie, utampelekea."

Bafuni kanga ilikuwa inachuruzika maji.