Mafuta ya Breki Uliyomwachia Mutua

Dada Nduku,

Hatukuwahi kuonana. Mimi ni Syombua, mke mpya wa Mutua wako. Ni wiki sita tangu harusi, na bado nikisikia funguo zake mlangoni hapa Manassas, Marekani, moyo unaniruka kama wa msichana wa shule. Ananipikia chai ya maziwa kabla ya kwenda zamu kule Sterling. Nikiunguza ugali anakula mpaka ukoko, ananiambia ndio mtamu. Nina furaha hadi naona aibu.

Ila pikapu yako, Dada. Hiyo naionea wivu.

Miaka sita tangu uende, hajaiuza. Kiti cha dereva bado kiko pale ulipokisogeza wewe, mtu mrefu vile anaendesha magoti yakigonga usukani! Mimi alinibeba mikononi mara moja tu, siku ya harusi. Ile anaiosha kila Jumamosi.

Basi akanipeleka nayo milimani, fungate yetu ya siku mbili. Tukiwa kwenye mteremko mrefu, nimemlalia begani, pedali ya breki ikazama. Akaikanyaga tena na tena, akashusha gia, mpaka tukasimama kwenye nyasi kando ya barabara. Nimeng'ang'ania mkono wake. Na yeye? Akapapasa dashibodi. "Pole, mama. Pole."

Mama! Na mimi nimekaa hapo hapo.

Nusu saa baadaye gari lilipopoa, pedali ikawa imara kama zamani. "Umeona? Imepona," akasema.

Nilimburuta hadi kwa Papa Deo, fundi Mkongo anayetengeneza magari ya watu wa kanisani. Akafungua magurudumu. Pedi za breki nene, hakuna panapovuja. "Mama, pedali ikibaki nguvu na gari inakatala kusimama, ile ni pedi. Ikizama, ni mafuta inatokota." Akafungua kifuniko cha mafuta ya breki. Meusi kama kahawa. "Hii imekunywa maji miaka mingi. Tubadilishe."

Mutua akashusha boneti. "Hayo usiguse."

"Patron, unaogopa mafuta?" Papa Deo alicheka peke yake.

Tulipoingia garini ndipo aliponiambia. Uliyatia wewe mwenyewe, wiki moja kabla ya kulazwa. Hukurudi nyumbani. Ndiyo kazi ya mwisho uliyomfanyia kwa mikono yako.

Nimewahi kuwaonea wivu wanawake warembo, Dada. Mafuta ya breki, sijawahi. Nililia mpaka tukafika. Mlangoni nikamwambia, "Nduku aliyatia ili ufike nyumbani. Sasa hayakufikishi. Unataka niwe mjane?" Siku mbili hakuigusa pikapu. Siku ya tatu akasema, "Haya, twende."

Kuyabadilisha kunataka watu wawili, wewe unajua. Mmoja anakanyaga pedali, mwingine yuko chini na spana, anafungua nati mafuta machafu yatoke, anaifunga kabla mguu haujainuka, la sivyo hewa inaingia. Papa Deo alinionyesha kwa gurudumu la kwanza, kisha nikamwambia aniachie. Nilitaka mikono iwe yangu.

"Kanyaga!" nikaita.

"Nimekanyaga."

"Shikilia!"

"Nimeshikilia, Nduku."

Nduku. Nilikuwa nimelala chini ya gari, nati iko wazi, mafuta yako yananitiririkia hadi kwenye kiwiko. Nilitaka kutupa spana nitoke. Lakini mguu wake ulikuwa unaningoja mimi. Nikafunga nati. Nikakaza. Ndipo nikasema, "Achia."

Alishuka akapiga magoti kwenye lami, akaingiza kichwa chini ya gari, macho mekundu. "Syombua wangu, nisamehe." Nikamwambia arudi kwenye pedali, yamebaki magurudumu mawili. Dada, nampenda huyu mtu!

Nakuahidi kila baada ya miaka miwili nitayabadilisha, nikiwa na mimba, nikiwa mzee, nikiwa nimenuna. Jina lako likimponyoka, nitanuna siku moja tu, labda mbili.

Asante kwa kumtunza mpaka nikamkuta. Pumzika vyema, Dada Nduku. Lakini nakuomba, usimngojee. Nitamchelewesha sana.

Syombua