Baiskeli ya Maro Imekuwa Nzito

Jumatatu, 3 Juni

Nimemaliza sketi mbili za shule na kubadilisha zipu ya suruali ya jirani. Maro karudi toka shamba jua limeshazama, anaikokota baiskeli badala ya kuipanda. Gurudumu la nyuma limekaza, anasema. Anakanyaga kama anapanda mlima, na huku kwetu mlima hakuna. Nikamcheka. Huyu mume wangu alinunua baiskeli ya kukunja ili iingie kwenye mtumbwi wa kuvukia mto kwenda Hewani, kwenye shamba lake la ndizi. Akiipanda, na vile vigurudumu vidogo, utadhani kampokonya mtoto. Kalala bila kula.

Jumanne, 4 Juni

Tope, bila shaka. Tangu mafuriko yaondoke, kila kinachokwama hapa Garsen kinasingiziwa tope: mlango, mkokoteni, hata cherehani yangu. Na kweli, chini ya madigadi lilikuwepo, limekauka gumu kama tofali. Nimelichokonoa kwa bisibisi ya cherehani. Gurudumu likazunguka. Nimejiona fundi.

Alhamisi, 6 Juni

Bado nzito. Raba ya breki ilikuwa inagusa rimu upande mmoja. Nimeilegeza. Ekseli nayo ilikaa mshazari; nimeinyoosha, nikakaza nati sawasawa. Maro ameketi juu ya ndoo akinitazama, anajipepea na kofia. Siku nyingine angenitania, angeniita Mama Spana. Nimeudhika. Hata kusifu kidogo?

Jumamosi, 8 Juni

Bado. Nimeikasirikia ile baiskeli kama mtu.

Baadaye nikafikiri. Mtumbwini hukunjwa na kulazwa chini kabisa, penye maji yaliyovuja. Kitovu cha gurudumu kinayanywa kila siku. Nimekifungua. Gololi zina kutu, grisi imekuwa uji. Nimezisafisha kwa mafuta ya taa, nikapaka grisi mpya, nikarudisha bila kukaza mno. Nikaipindua baiskeli na kulizungusha gurudumu. Likazunguka, likazunguka, mpaka nikachoka kulitazama.

"Ahsante, Mama Spana," akasema Maro. "Sasa litanipeleka."

Nimefurahi kuliko inavyostahili.

Jumatatu, 10 Juni

Halikumpeleka. Kashuka mara nyingi njiani. Miguu imevimba, anasema ni viatu vya mvua. Mchana nimeipeleka baiskeli kwa fundi pale steji. Kaipindua, kalizungusha gurudumu kwa kidole kimoja. "Mama, hii iko sawa kabisa. Hakuna kitu inashika."

Nimerudi nayo nikiipanda mwenyewe, leso nimeikusanya magotini. Nyepesi kama ungo mtupu. Nusu ya njia nikaelewa. Nikashuka, nikasimama kando ya barabara ya Minjila. Si gurudumu. Ni yeye.

Jumanne, 11 Juni

Hospitali. Daktari kasema moyo umechoka, tena kitambo, na maji yamejaa miguuni na kwenye mapafu. Maro kacheka kidogo. "Kumbe breki ilikuwa mimi."

Sikucheka. Naogopa.

Ijumaa, 14 Juni

Anapumua kwa kukaa, kulala hawezi. Nimemsugua miguu. Kidole kikibonyeza, shimo linabaki. Wiki nzima nimekuwa nikichokonoa chuma, na mgonjwa mwenyewe ameketi pale kwenye ndoo, mbele ya macho yangu. Najichukia.

Jumapili, 16 Juni

Maro ametutoka alfajiri. Siwezi kuandika.

Jumatano, 19 Juni

Tumemzika jana, Hewani. Jeneza lilivuka kwa mtumbwi, likalazwa chini, palepale baiskeli ilipokuwa ikilazwa. Mwenye mtumbwi alikuwa ameyateka maji yote kwa kikopo na kupakausha kwa shati lake. Hakuna aliyemwambia. Kanisani sikulia. Pale nililia.

Jumamosi, 6 Julai

Ndizi zimekomaa, na nyani hawajui matanga. Nimeikunja baiskeli, nikavuka, nikaikunjua, nikapanda mpaka shamba. Njia imekauka. Watu wamenisalimia, nimeitikia bila kusimama. Nimekata mikungu miwili, nikaifunga nyuma. Hata na mzigo, gurudumu halikukaza hata kidogo. Nilikuwa nalisikiliza njia nzima.