Tezi Tano za Rudecindo

Tacuarembó, 4 Machi 2019

Shemeji Darwin,

Hujambo? Nakuuliza kwa sababu nilifunzwa adabu, si kwamba nina hamu ya kujua. Mimi nimesharudi nyumbani tangu wanikate puru yenye saratani huko kwenu Salto. Nakalia mto laini, nakunywa chai yetu ya majani ya mate, nalishwa supu ya maboga. Nyama choma marufuku. Cheka tu.

Leo nimepata majibu ya maabara, chini nikakuta sahihi yako. Kumbe kipande changu kilichokatwa kilipita mikononi mwako! Umeandika: tezi za limfu tano, zote safi. Binti yangu Graciela anasema daktari hutakiwa kutafuta tezi zisizopungua kumi na mbili, ndipo ajue kama saratani imesambaa. Zangu nyingine ziko wapi? Ulikuwa na haraka ya kwenda kula? Kama kuna moja mbovu uliyoiacha, atakayezikwa ni mimi, si wewe.

Shemeji yako, upende usipende,
Rudecindo

Salto, 11 Machi 2019

Rudecindo,

Salamu zimefika. Mimi mzima, na ningekuwa mzima zaidi bila barua yako.

Kabla ya kukatwa ulipigwa mionzi na kumeza dawa, au umeshasahau? Mambo hayo huzisinyaza tezi, nyingine hazionekani tena hata uzitafute vipi. Hiyo kumi na mbili iliwekwa kwa watu waliokatwa moja kwa moja. Kwa aliyetibiwa kwanza, uchache wa tezi peke yake si hukumu ya kifo. Pengine ni dalili kwamba dawa imefanya kazi. Wengi wa namna yako wanaishi sawasawa na wenzao wenye tezi nyingi. Sikuahidi kitu. Mwambie Graciela akianza kusoma, amalize.

Mjomba wake Graciela,
Darwin

Tacuarembó, 16 Machi 2019

Shemeji,

U hali gani? Haya, salamu tumemaliza.

Maneno matamu hayo. Lakini ulisema nini siku tunamzika Nélida, mke wangu? "Na wewe zamu yako itafika." Watu wote walisikia. Leo nikuamini wewe? Usiku napapasa tumbo, nahisi kitu. Naogopa, Darwin. Nataka daktari mwingine akichunguze kipande changu, la sivyo nitakuja huko na huu mfuko wa choo walionitundika tumboni nikubwagie mezani.

Shemeji unayemchukia,
Rudecindo

Salto, 2 Mei 2019

Rudecindo,

Hujambo? Naona bado uko hai.

Mwenzangu, daktari Zulma, amepitia kila kitu upya. Tezi ya sita hakuipata. Kwa hiyo mfuko wako baki nao.

Sasa nisikilize. Dada yangu alikufa akikuita, na wewe ulikuwa mnadani unakagua ng'ombe. Sijakusamehe na sitakusamehe. Kopo lenye kipande chako lilipofika na jina lako, nilikataza mtu mwingine asiliguse. Tezi hujificha kwenye mafuta yanayozunguka puru. Mafuta yako niliyakata vipande vyembamba, nikayapapasa kwa vidole, nikayaloweka kwenye dawa ya kuyayeyusha, kisha nikaanza tena mwanzo. Hakuna mgonjwa niliyewahi kumtafutia namna ile, hata mama yangu mzazi nisingemtafutia hivyo. Nilikuwa naitafuta ile mbovu, Rudecindo. Niliitaka sana.

Haikuwepo.

Kaka yake Nélida,
Darwin