Kura za Baba Neema

Jumatatu, 4 Novemba

Nimemaliza kupanda mahindi upande wa juu. Mgongo unauma. Wimbo wa Eze unalia dukani tangu asubuhi. Mume wangu anachaji simu za watu kwa sola, na siku hizi hakuna simu inayotoka kwake kabla haijampigia kura shemeji yake. Anamsimamia mtu mpaka meseji iende.

Eze ni mdogo wangu. Anaimba kantri kwa Kiswahili, kofia pana na gita. Kwetu Mishamo tulimcheka sana. Sasa yuko Dar na anawania tuzo kubwa ya muziki. Wimbo unamhusu mwanamke anayeonekana na uso umevimba, akiulizwa anasema ameteleza kisimani. Na ni kiangazi, tope hakuna.

Mwanamke huyo ni mimi. Eze alikuja mwezi wa nane, nikamwambia nimeteleza. Alikwenda kuoga kisimani, akarudi na vumbi kwenye viatu. Akaenda kutunga.

Hapa Kasekese kijiji kizima wanajua. Mume wangu tu ndiye hajui. Jana alisema mwanaume wa kwenye huo wimbo ni mshenzi, angepelekwa polisi. Nilikuwa nasonga ugali. Niliusonga mpaka ukaungua.

Jumatano, 6 Novemba

Gulioni. Mama Shija, yule Msukuma jirani yetu anayeuza maziwa, alinipimia akazidisha. Akaniambia polepole, "Mama Neema, sie kura tunakupigia wewe."

Nilitamani ardhi ipasuke. Anamaanisha mema, najua. Lakini siri ya watu wengi ni nyasi kavu. Nimerudi bila chumvi niliyoifuata.

Alhamisi, 7 Novemba

Redio imetangaza kuwa Eze atahojiwa kesho mchana. Nilimpigia nikiwa shambani. Nikamsihi aseme mwanamke huyo ni wa kubuni tu. Akasema jina langu hatalitaja, ila kusema uongo juu ya wimbo ule hawezi.

Nimemkasirikia. Yeye yuko Dar. Mimi niko hapa.

Nimeomba ashinde. Halafu nimeomba ashindwe, watu wausahau. Mungu achague mwenyewe.

Ijumaa, 8 Novemba

Mume wangu alifungulia spika kubwa, watu wakajaa. Alinunua pipi za watoto. Nilisimama nyuma kabisa, Neema mgongoni.

Mtangazaji akamuuliza Eze kama mwanamke yule yupo kweli. Eze akasema, "Yupo. Nampenda sana. Bado yuko kwenye nyumba ile."

Mume wangu akacheka, akasema huyo atakuwa mchumba wake wa zamani. Hakuna aliyecheka naye. Akamtazama mzee wa kanisa, mzee akatazama ndala zake. Akawatazama wanawake, nao wakanitazama mimi. Niliona anavyoelewa. Ilianzia machoni ikashuka mpaka mikononi.

Akazima spika. Akafunga duka, simu za watu zikiwa humo humo.

Nilirudi nyumbani kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda. Nilipika. Alikula chote. Kisha akauliza, "Nani mwingine anajua?"

Nikasema, "Wote."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga, ningejua limekwisha. Naogopa kama sijawahi kuogopa.

Jumamosi, 9 Novemba

Amefungua duka, watu wamechukua simu zao na kuondoka. Hakuna muziki. Hajaniambia neno. Kila anaposogea nahesabu mlango uko wapi.

Jioni watu walikwenda kibanda umiza, kwenye video, kutazama tuzo. Yeye alikaa kwenye kigoda mlangoni, ndani, mgongo kwangu. Mimi kitandani na mtoto. Nilikuwa nimeshafunga khanga na nguo za Neema kwenye furushi, nikalikalia.

Kisha zikaja kelele. Vigelegele, mabati yanapigwa. Eze ameshinda. Mdogo wangu ameshinda, nami nimekalia furushi. Na huyu pale, aliyemkusanyia kura kuliko mtu yeyote wilaya hii, kainamisha kichwa.

Akasimama. Akanigeukia. Nikamkumbatia Neema hadi akalia.

Nje mtu akakohoa. Mume wangu akafungua mlango. Uani walikuwa wamekaa wanawake, Mama Shija mbele, akina mama wa kanisani, hata bibi wa jirani asiyeona vizuri. Hawakwenda kibandani kabisa. Walikuwa hapo tangu jua linazama, kimya, na mimi sikuwasikia.

Mama Shija akamsalimia vizuri. Akasema, "Hongera shemeji. Tumekuja kumchukua dada, akamsalimie mama yake."

Mume wangu akawatazama mmoja mmoja. Akasogea pembeni. Nilipita karibu naye hivi, nikasikia jasho lake. Hakunyoosha mkono. Bibi yule alinishika kiwiko mpaka barabarani.

Jumanne, 12 Novemba

Mishamo. Mvua ya asubuhi. Pikipiki yoyote ikipita nasimama kwanza, ndipo nakaa.

Mama haulizi. Ameninyang'anya jembe mara mbili. Anasema tu, "Mwana wanje, lala." Mwanangu, kwa Kirundi chetu.

Eze amepiga. Nilidhani ataongea habari za tuzo, nami nilikuwa nimejiandaa kumpongeza, pia kumgombeza. Aliniuliza kama nimelala.

Nikamwambia ndiyo. Na ni kweli. Leo nimelala mpaka jua limepanda, na nilipoamka Neema alikuwa ameshakunywa uji.